Anayemjua Mwombaji Atoke

Mratibu wa Mfuko wa Utafiti alikuwa mwanamke wa kupiga kazi, si wa kupiga domo. Serikali ilipomkabidhi ofisi tupu na kumwambia atafute watu, alitaka wataalamu wa kweli, si wale wa kufunga tai na kusinzia kikaoni. Akawapata watatu. Wote aliwachomoa kwenye maabara ya Mzee Waya, kwa kuwa nchi nzima hapakuwa na nyingine iliyojua kutengeneza vifaa vya kusaidia masikio mazito. Mshahara wa Mfuko ulikuwa mnono, na vijana wale walikuwa na watoto wa kusomesha. Mmoja wao alikuwa mpwa wa Mzee Waya mwenyewe, binti aliyemlea tangu mchanga.

Mzee Waya hakununa. "Nendeni," aliwaambia. "Afadhali utafiti usimamiwe na watu wanaoujua."

Akabaki na fundi mmoja wa kuchomelea nyaya, pamoja na kifaa chake kidogo kilichobakiza hatua ya mwisho tu, kujaribiwa na watoto wasiosikia vizuri. Akikosa msaada wa Mfuko mwaka huu, basi. Chuo kilikwisha kumwambia kinavitaka vyumba vyake.

Siku ya kikao Mratibu aliamka na furaha ya kitoto. Ombi la mzee lilikuwa limenyooka, na kamatini walikuwamo wale watatu aliowaajiri, wa kulielewa neno kwa neno. Ila kulikuwa na kanuni: anayemjua mwombaji, kwa udugu au kwa kazi, atangaze na atoke mpaka uamuzi upite. Kanuni nzuri, ya kuzuia mambo ya kujuana. Aliiandika Mratibu mwenyewe, na aliionea fahari.

"Linalofuata ni la vifaa vya kusikia," alisema mwenyekiti. "Kuna anayemjua mwombaji?"

Binti akasimama. "Ni mjomba wangu." Akatoka. Wa pili akasema mzee ndiye aliyemfundisha kazi. Wa tatu alichukua miwani yake akawafuata.

Wakabaki mwenyekiti, mwanasheria, mhasibu na daktari wa mifugo aliyeletwa na wizara nyingine ili kiti kisikae kitupu. Mratibu alikuwa katibu tu, kura hana.

"Mimi masikio ninayoyajua ni ya ng'ombe," alisema daktari, wakacheka.

Mwanasheria alikuwa anafunua kurasa. "Masharti yanataka watafiti wenye sifa. Hapa namwona mzee na fundi wa kuchomelea. Watafiti wake wako wapi?"

Mratibu aliutazama mlango. "Wako hapo nje kwenye korido," alisema. "Tumewaajiri sisi."

Mhasibu akajifanya anatafuta kalamu.

"Tumwazime watu wake," Mratibu aliomba. "Mwaka mmoja tu, warudi wakammalizie kazi."

"Mwajiriwa wa Mfuko hafanyi mradi unaolipiwa na Mfuko," mwanasheria alimjibu kwa upole. "Na hiyo pia ni kanuni yako, dada."

Hakuwa na ubaya yule bwana, wala wenzake, na hilo ndilo lililomchoma Mratibu zaidi. Mikono ikanyooshwa. Ombi likaanguka.

Alipotoka alimkuta Mzee Waya mwenyewe kwenye korido, amekaa katikati ya vijana wake, wanacheka kama wako nyumbani. Kicheko kikakatika walipomwona.

"Halikupita, Mzee. Wamesema huna watu."

Mzee aliwatazama wale vijana, mmoja baada ya mwingine. Binti akainamisha uso.

"Hawajasema uongo," alisema. "Sina."

Akajikohoza. "Sasa mwanangu, huku kwenu hakuna nafasi? Maana vyumba vyenyewe ndiyo hivyo vinachukuliwa."

Mratibu alitamani amdanganye, akashindwa. Nafasi ilikuwepo, na kila aliyeiomba alikuwa hafai.

"Ipo, Mzee. Mkuu wa kupitia maombi ya vifaa vya kusikia."

"Hiyo naiweza," alisema mzee.

"Maombi ya nani, Mjomba?" aliuliza binti.