Magari Yasisogezwe Mpaka Trafiki Afike

Usiku wa kuamkia leo niliota mlango wa gari langu umelala kitandani, upande wa mke wangu, umejifunika shuka mpaka kwenye kitasa.

"Mama Nakiete yuko wapi?" nikauuliza.

"Amerudi kwao," mlango ukasema. "Nawe zima taa. Nimebonyea, sijapata usingizi tangu Jumapili."

Kuhusu kubonyea, mlango haukuwa muongo. Jumapili, baada ya chakula cha mchana, shemeji yangu Aminieli, kaka mkubwa wa mke wangu, alikuwa anapiga rivasi atoke na pikapu yake uani kwangu. Gari langu limeegeshwa, limezimwa, halina ugomvi na mtu. Akaligonga ubavuni. Akashuka, akautazama mlango, akanitazama na mimi, akasema, "Sasa shemeji, ndiyo pa kuegesha gari hapa?" Ananiuliza hivyo nyumbani kwangu, na nyama yangu imo tumboni mwake.

Pole hakusema. Alisema tumalizane kifamilia, anaye fundi wake kule Majengo, ananyoosha vizuri na kupiga rangi inayokaribiana. Nikamwambia sitaki rangi inayokaribiana. Bima ya kazi gani, basi? Nitakwenda polisi kuandikisha ajali, bima yake inilipe, na habari iishe. Akacheka, akasema Mpare bila kesi halali usingizi. Yeye Mchaga, mimi Mpare, ni watani, kwa hiyo kunicheka ana haki. Ila siku hiyo sikucheka naye.

Tangu hapo hatujasemeshana. Jana jioni, nilipotundika nguo ya kwendea polisi leo asubuhi, mke wangu aliniambia, "Ukimpeleka kaka yangu polisi, hatakanyaga tena hapa." Akaondoka na bakuli la mboga kabla sijajibu. Nami nisijifanye jabali: huyu mtu ninampenda. Ndugu wa kiume sina, ninaye huyo. Ndiye aliyenifundisha hata kuendesha gari.

Basi nikazima taa kama mlango ulivyotaka. Ilipozimika tukawa uani, mchana, jua kali. Mimi nimo ndani ya gari langu, Aminieli ndani ya pikapu yake, tumegusana vilevile kama Jumapili. Kwenye tuta la sukumawiki kumechomekwa kibao: MAGARI YASISOGEZWE MPAKA TRAFIKI AFIKE.

"Sawa," nikasema. "Tumngoje."

Tunamngoja. Mimi nimefunga mkanda, Aminieli naye amefunga. Hatusogei, kwa sababu sheria imesema. Kuku aliyekuwa anakatiza mbele yetu ameinua mguu mmoja, naye haushushi. Moshi wa jikoni umesimama juu ya bati. Chai niliyoimwaga dirishani haijafika chini.

Majani yanaota kwenye magurudumu. Mgomba unachipuka kati ya bampa lake na mlango wangu, unazaa, unakatwa, mwingine unachipuka. Binti yangu Nakiete, ambaye yuko kidato cha pili, anatoka ndani amevaa shela.

"Baba, nakwenda kufunga ndoa."

"Nani anakupeleka kanisani?"

"Mjomba aliniahidi pikapu. Lakini haisogezwi."

Akainama dirishani kwangu nikambariki, akahamia dirisha la mjomba wake naye akambariki, kisha akaenda zake kwa miguu, viatu ameshika mkononi. Iliniuma sana, ila sikufungua mkanda.

"Shemeji," Aminieli akaita. Ndevu zake zilikuwa zimefika kwenye usukani. "Tusogee kidogo tu. Nani atajua?"

"Trafiki atajua."

"Trafiki mwenyewe hajazaliwa."

Alikuwa anakosea. Trafiki alizaliwa mchana huohuo, nyumba ya tatu kutoka kwetu, akakua, akaenda chuoni, akaja na sare yake nyeupe na futi kamba. Magari hakuyatazama. Aliniwekea ncha ya futi kifuani, akaniambia nishike hapo, kisha akaanza kutembea kumwelekea Aminieli, ambaye yuko karibu kiasi kwamba ningeweza kumzaba kofi. Trafiki akatembea mpaka nikamwona mdogo, mpaka akapotea kabisa. Baadaye akapiga simu.

"Niko Mwanga na futi imekwisha," akasema. "Shemeji yako simwoni. Umbali huu utapimwa mahakamani."

Nikataka kushuka, kumbe niko mahakamani tayari, kule Same, nimesimama kizimbani na mkanda wa gari umenibana. Hakimu ni bampa la lori lililopakwa rangi mpya. Nyuma, kwenye benchi la wasikilizaji, amekaa ng'ombe.

"Huyu ni wa nani?" nikamuuliza karani.

"Wako. Wa kuuza ili uendeshe kesi. Nyinyi si ndiyo mila yenu?"

"Mimi sina ng'ombe."

"Nimekuja mwenyewe," ng'ombe akasema, "ili nikupunguzie nauli."

Akasimama mama mmoja wa kampuni ya bima, mpole, miwani imeshuka puani. Akasema kampuni haina ubishi. Hii ni bima ya mtu wa tatu, inamlipa mtu wa tatu, kwa hiyo mtu wa tatu ajitokeze.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe ni wa ngapi?"

Nikahesabu. Aminieli mmoja, mimi wa pili. Kabla sijamaliza kufikiri, akainuka kijana mwembamba aliyekaa kando ya ng'ombe, suti safi, uso wa mtu ambaye ukishampita humkumbuki.

"Ni mimi," akasema. "Mtu wa Tatu. Watu wawili wakishindwa kuongea, ninaitwa mimi. Nikishaingia, nachukua nafasi ya aliyegonga. Jumapili nitakuja kula. Kiti chake kiko upande gani wa meza?"

Nikamwonyesha, maana alikuwa na adabu. Halafu moyo ukanishtuka.

"Utani unaujua?" nikamuuliza.

"Hapana. Mimi sina kabila. Nina namba."

"Ukija kwangu mtaongea nini na mke wangu?"

"Nitamwuliza kama ameridhika na huduma."

Nikamgeukia yule mama wa bima. Nikamuuliza kama watalipa mlango. Akasema watalipa. Rangi je? Ileile ya kiwandani, hata fundi hodari hataijua tofauti.

"Na pole?"

Akalowesha kidole, akafunua kurasa, akarudi nyuma, akafunua tena. "Pole haimo," akasema. "Sisi tunalipa kilichobonyea tu."

"Hata mimi nimebonyea."

"Wewe hukukatiwa."

Bampa likagonga meza, likaniuliza ninadai nini hasa. Mpare mzima, kizimbani, nikakosa maneno. Mama yangu angeona aibu. Nikamtazama Aminieli, kumbe naye yumo kizimba cha pili, na ndevu zake zile, na mkanda umemkata shingoni, naye ananitazama kama mtoto aliyevunja sahani. Nikasema kwa sauti ndogo, "Nataka aniambie pole. Basi."

Ng'ombe akainuka benchini.

"Kwa hilo tu?" ng'ombe akasema. "Na mimi nimetoka Gonja kwa miguu."

Akaondoka, na mahakama ikaondoka naye. Tukabaki uani, kila mtu garini mwake. Halafu nikasikia mlio mdogo: tak. Aminieli amefungua mkanda. Anashuka. Anasogea, wakati kibao kinamwona. Yule kuku akashusha mguu, chai ikafika chini, moshi ukaanza kupanda tena. Mpaka hapo sikuwa najua kwamba jambo lenyewe lilikuwa jepesi hivyo.

Akaja mpaka dirishani kwangu. Mkononi ana jani la isale, amelifunga fundo. Kwa Wachaga, aliyekukosea akikuletea jani hilo, humkatalii, hata awe amekukosea vipi. Nimeoa huko, nalijua. Lakini nikajitia ugumu.

"Mimi ni Mpare," nikaliambia jani. "Hayo ni ya kwenu."

"Ndizi zetu unakula," jani likasema. "Mbege yetu unakunywa. Binti yetu umemwoa. Leo ndiyo umekumbuka kwenu?"

"Shemeji," Aminieli akasema, anatazama chini. "Nilitaka kusema siku ileile. Nikafungua mdomo, likatoka lile la kuegesha. Baada ya hapo nikaona haya."

Nikataka kulipokea jani, lakini mkono wa kulia ulikuwa umegandia kwenye usukani kwa miaka yote ile tuliyokaa, haukubanduka. Nikalipokea kwa huu mwingine. Naye akalia, nami nikalia, na mlango uliobonyea ukasema sasa utapata usingizi.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Mke wangu alikuwepo, hajarudi kwao, amenipa mgongo na najua hakuwa amelala. Nikavaa. Nguo ya kwendea polisi ilikuwa imetundikwa mlangoni, nikaiacha palepale, nikavaa ya nyumbani.

Mtu akabisha hodi getini. Nikatoka kufungua. Alikuwa Aminieli, amekuja kwa miguu, macho mekundu, shati amefunga vifungo upandeupande. Mkono mmoja ameuweka nyuma. Nikamhurumia.

"Ingia, shemeji," nikasema. "Hicho unachokificha nimeshakipokea."

"Najua," akasema. "Ila usiku ulikipokea kwa mkono wa kushoto."