Mkono wa Pili wa Rangi

Kwamba kuna mtu aliyekigusa kifaru chake, Vipimo hakuwa na shaka. Asichokijua ni kwa nini.

Jina la Vipimo alilipata alipokuwa mpima ardhi, likamfuata hadi kwenye kustaafu, alipogeuza chumba cha uani kuwa karakana ya kuunda magari madogo ya kijeshi: malori, magari ya deraya, vifaru vya kukaa kiganjani. Aliyemletea gari lililovunjika mtutu au kung'oka gurudumu alilichukua likiwa zima kuliko lilivyotoka kiwandani. Sasa chama cha wanajeshi wastaafu kilitaka kupamba ukumbi wake kwa mifano ya magari yote ambayo wanachama waliwahi kuyaendesha, na kifaru hiki kilikuwa cha majaribio. Kesho asubuhi katibu wa chama angekuja kukikagua. Kikimridhisha, kazi ya ukumbi mzima ni ya Vipimo. Kisipomridhisha, kuna fundi mwingine mjini aliyekuwa akiimezea mate.

Vipimo alikipeleka dirishani, akakitazama kwa lenzi. Ribiti za ubavuni, vile vichwa vidogo vya misumari alivyovibandika kimoja kimoja kwa ncha ya sindano, zilikuwa zimevimba. Juzi zilikuwa kali kama chembe za mchanga; leo zilikuwa zimezama nusu, kama dengu kwenye mchuzi mzito. Akachukua kalipa, kile chombo chake cha kupimia unene, akabana kifuniko cha kichwa cha kifaru katikati ya taya zake. Kilikuwa kimenenepa. Kuna mtu aliyepiga mkono wa pili wa rangi juu ya wake.

Ajabu ni kwamba rangi yenyewe ilikuwa ile ile. Alikiweka kando yake kipande cha mfano alichopewa na katibu: kijani na kijani, mapacha. Nani ajifiche kwenda kupaka kijani juu ya kijani?

Jibu alilipata akiwa anakoroga chai. Adui mjinga angevunja mtutu. Adui anayeijua kazi huzamisha ribiti, kisha hukaa pembeni, na mkaguzi akija haoni hujuma, anaona uzembe wa fundi. Na anayeijua kazi, tena mwenye kulala nyumba hii hii, alikuwa mmoja tu.

Shemeji, mdogo wake mkewe, alikuja kukaa kwa muda mfupi baada ya karakana ya mabango alikokuwa akifanya kazi kufungwa. Muda mfupi ule ulikuwa umeshaota mvi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Vipimo alimpa msasa. Shemeji alisugua magurudumu na kuunganisha vipande vya minyororo, lakini brashi alinyimwa.

"Kupaka bango na kupaka kifaru," Vipimo alimwambia siku ya kwanza, "ni kama kupiga deki na kunyoa ndevu."

Na wiki iliyopita Vipimo alimwona dukani akicheka na yule fundi wa mjini. Alipoulizwa alisema alikwenda kununua thina ya kulainishia rangi. Vipimo alikumbuka kile kicheko. Thina hainunuliwi kwa kicheko.

Baada ya chakula cha mchana alitangaza kuwa anakwenda kwa kinyozi. Kabla ya kutoka alipaka tumbo la kifaru unga laini wa kahawia, ule wa kuyapa magurudumu sura ya matope, pale ambapo mtu yeyote anayekinyanyua lazima ashike. Aliporudi, mkewe alikuwa amekwisha kuandaa chai. Kwenye kikombe cha shemeji kulikuwa na alama ya kidole gumba, ya kahawia.

"Shemeji, nionyeshe mkono."

"Siku hizi unapiga ramli?"

"Nionyeshe."

Shemeji aliutazama mkono wake mwenyewe kwanza, akaunyoosha. "Sawa. Nimekigusa, kuona kama kimekauka."

"Umekipaka."

"Nimekipaka."

Vipimo alikuwa amejiandaa kupambana na uongo. Ukweli ulimkuta mikono mitupu. "Yule wa mjini amekuahidi nini?"

"Yule ananitania kwa sababu ya msasa wako, basi." Shemeji aliweka kikombe chini. "Kifaru chako kilikuwa na buluu, shemeji. Si buluu ya anga, lakini buluu. Nimekirudisha kwenye kijani cha katibu."

"Kipande cha katibu nilikiweka kando yake. Vinafanana."

"Kwako."

"Baba watoto," mkewe alisema taratibu, "ni mimi niliyemwomba."

Vipimo aliwatazama ndugu hao wawili wa tumbo moja. Waliandaa jibu mapema, alijiambia. Kikulacho ki nguoni mwako. Hakupaza sauti. Aliingia karakana, akachukua kipande cha plastiki, akapaka upande mmoja rangi iliyobaki katika kopo lake na upande wa pili ile ya kopo la shemeji, akangoja ikauke, akatoka barabarani.

Jirani yao, fundi cherehani, alikuwa barazani akipanga nyuzi.

"Hizi ni rangi moja?"

"Unanitega, mzee?"

"Jibu tu."

"Hii ni jani bichi. Hii ni chupa ya dawa."

Vipimo alishukuru, akaondoka bila kuridhika. Fundi cherehani na mke wa Vipimo waliazimana sukari na siri. Huyo si shahidi. Akamsimamisha mtu asiyemjua kabisa, aliyekuwa akisukuma baiskeli iliyojaa trei za mayai.

"Samahani, ndugu. Hii ni rangi moja au mbili?"

Mwenye mayai alitazama kipande, akamtazama Vipimo, akashika kiti cha baiskeli kwa nguvu zaidi. "Unauza?"

"Siuzi. Nauliza."

"Mbili. Hii ina buluu. Wewe unaona moja?"

Vipimo alikiinua kipande usawa wa macho. Alifunika jicho la kushoto, kisha la kulia. Kijani na kijani. Mpima ardhi akikuta vipimo viwili vimekubaliana na cha tatu kimekataa, hagombani na ardhi. Hupeleka chombo kikakaguliwe.

Aliporudi, shemeji alikuwa ameshika begi mlangoni.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Yule aliyekuambia mnyororo wa kifaru umeuvalisha kinyume," mkewe alisema, "mpaka leo hamsalimiani."

"Ulikuwa kinyume," Vipimo alikiri.

"Na sisi tungekuambia ni macho, ungetuamini?"

Alilipima swali. "Hapana."

Akamgeukia shemeji. "Kijani chako ni sahihi. Nakubali kwa sababu ya mwenye mayai, si kwa sababu yako. Lakini umepaka kama mtu wa mabango. Ribiti zote umezizamisha."

"Nilipaka huku nasikilizia viatu vyako uani. Mkono ungetulia vipi?"

"Weka begi. Tunakivua chote."

Walikisugua mpaka kwenye plastiki tupu. Shemeji alichanganya rangi. Vipimo alitia thina, akainua kijiti na kutazama tone linavyoanguka, mpaka likaanguka apendavyo. Kisha akampa brashi, jambo ambalo lilimgharimu zaidi ya alivyoonyesha.

"Ni kijani?" alimuuliza.

"Kijani."

Vipimo aliinama. Aliona kile kile alichokuwa akikiona siku zote, na safari hii hakukiamini. Akahamishia macho kwenye kiwiko cha shemeji. "Nyembamba zaidi," alisema.

Asubuhi katibu alikipeleka kifaru dirishani, akakilinganisha na kipande chake, akapitisha ukucha juu ya ribiti.

"Hapa hakuna la kusema. Rangi umeipata vipi, mzee? Yule fundi mwingine imemshinda."

Mkewe alikuwa mlangoni na birika. Vipimo alijua kuwa angeweza kusema lolote, na hakuna ambaye angempinga.

"Rangi muulize shemeji," alisema. "Mimi buluu siioni. Ribiti ndizo zangu."

Katibu aliwatazama kwa zamu, kama mtu anayeshuku utani, kisha akamgeukia shemeji na kuuliza lori la kwanza la ukumbi litakuwa tayari lini.