Phanice Akataa Kuvua Bresi

Jacqueline, mke wa mkata mkonge, alikuwa na binti mmoja wa miaka kumi na minne, Phanice. Mwaka jana, binti akijaribu sare mpya ya shule, mama aliona bega moja limeinuka kuliko lingine. Eksirei ilionyesha uti wa mgongo umepinda kama barabara ya kupanda Wundanyi.

Mohammed, fundi wa vifaa vya viungo katika hospitali moja ya Voi, alimfunga plasta kiwiliwili kizima ili kuchukua umbo lake. Baada ya wiki mbili akampa bresi: ganda la plastiki nyeupe la kubana kutoka kwapani hadi nyongani, lenye mikanda mitatu. Kiatu cha kushoto akakitilia soli nene ndani, maana mguu huo ulikuwa mfupi kidogo.

"Sikuahidi kwamba itakunyoosha," alimwambia wazi. "Kazi yake ni kuuzuia mgongo usizidi kupinda wakati bado unakua. Saa ishirini kwa siku. Ukiivaa leo na kuiacha kesho, tumefanya kazi bure."

Wiki ya kwanza Phanice alilia. Jasho lilimchoma mbavuni, hakuweza kuinama kuokota hata kalamu, na wavulana wa darasa lake walimgonga mgongoni wakiuliza, "Hodi! Kuna mtu?" Wiki ya tatu akaanza kuwajibu: "Yupo, lakini hataki wageni."

Aliyeshindwa kuvumilia ni mama. Kila alikopita aliulizwa mtoto amerogwa na nani. Mwishowe alimweleza mhubiri wao, Pasta Kimeu, naye akasema, "Niletee mtoto Jumapili."

Phanice hakuambiwa kitu. Alishtukia tu akiitwa kwa jina katikati ya ibada. Alienda mbele, Pasta Kimeu akamwekea mkono kichwani, akaomba hadi spika zikakwaruza.

"Binti, umepona!" alisema. "Vua hilo ganda, kanisa lishuhudie."

"Amina!" watu wakaitika.

Phanice hakusogea. "Asante kwa maombi, Pasta. Lakini sivui."

Maikrofoni ilikuwa karibu. Kila mtu alisikia.

"Unatilia shaka uwezo wa Mungu?"

"Hapana. Mungu akitaka kuninyoosha, plastiki haitamzuia."

Mtu alicheka huko nyuma, kisha akajikohoza. Pasta Kimeu akamgeukia Jacqueline. "Mama Phanice, msaidie mtoto. Hiyo ni roho ya ukaidi."

Jacqueline alikuja, akapapasa mkanda wa juu chini ya blauzi. Phanice akamshika viganja.

"Mama, ni wewe ulinipeleka kwa Mohammed. Ulinishika hivi hivi nikifungwa plasta."

"Watu wanatutazama, mwanangu."

"Watazame. Mgongo ni wangu."

 Jacqueline akauachilia mkanda, akachukua Biblia yake, wakatoka wote wawili. Langoni mama aliketi juu ya jiwe, akalia.

"Nimechoka kuulizwa, Phanice."

"Wakikuuliza, watume kwangu."

Jumapili iliyofuata mama alitaka wakae viti vya nyuma kabisa. Phanice alimpita, akaenda hadi safu ya kwanza, na Jacqueline akamfuata huku ameinamisha macho. Pasta Kimeu alihubiri juu ya watoto wasiotii. Binti alimtazama usoni mwanzo hadi mwisho, na wimbo ulipoanza, aliimba mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Mwezi wa Agosti walipiga eksirei nyingine. Mgongo haukuwa umenyooka, lakini haukuwa umezidi kupinda. Mohammed aliikagua bresi, akatikisa kichwa.

"Umerefuka. Hii imekuwa ndogo, nitakutengenezea nyingine. Tunayo safari ya miaka miwili bado, labda zaidi."

 Miaka miwili ya bresi katika joto la Voi si mchezo.

"Naweza kuchagua rangi?" Phanice aliuliza.

"Kuna nyeupe. Kuna na nyekundu, lakini hiyo itaonekana hata chini ya shati la shule."

"Basi nataka nyekundu."

Jacqueline alifungua mdomo kukataa. Alimtazama bintiye, akaufunga, kisha akamwambia Mohammed, "Umemsikia."