Chai ya Kungoja Kompyuta

Kila asubuhi nilienda kwa Mwongeli kuchapisha karatasi moja: orodha ya bei za kutengeneza simu kwenye kibanda changu. Bei zenyewe hazikuwa zimebadilika tangu Krismasi, na ukuta wangu ulishajaa orodha. Lakini kompyuta ya saiba yake, hapa Mumbuni, ilikuwa imezeeka. Akishaiwasha, watu wawili waliweza kumaliza chai na kutaniana kabla haijafunguka. Mimi nilifuata muda huo. Nilijiapia kwamba siku moja ningemwambia nampenda. Kila nikianza, "Mwongeli, unajua," skrini ilifunguka na wateja wakaingia.

Kisha diski ikaanza kugonga, ka, ka, ka, na Mwongeli akaacha kucheka. Humo mlikuwa na kazi zake zote: kadi za harusi, ratiba za mazishi, mitihani ya walimu. Akaniuliza kama naweza kuziokoa kabla mashine haijakata roho. Nikasema ndiyo, roho ikiniuma, kwa sababu nilijua diski mpya ya SSD, ile inayowasha kompyuta kufumba na kufumbua, ingeifanya nini chai yetu.

Mchana nikaja na hiyo mpya, nikaiunganisha na ile ya zamani kwa waya ili ninakili kazi zote. Nikaangalia mara mbili ipi ni ya zamani na ipi ni mpya, maana ukikosea unanakili utupu juu ya jasho la mtu. Ile kuukuu iligonga, ikanyamaza, ikagonga tena. Mwongeli alinishika mkono wa shati mpaka kazi ya mwisho ikavuka salama. Kwa upande wangu, ingeendelea kuvuka hata wiki nzima.

Nikafungua skrubu, nikatoa diski mbovu, nikaweka mpya, nyepesi kama biskuti. Mwongeli akabonyeza. Kabla hajakaa vizuri kitini, kompyuta ilikuwa imefunguka, kimya kabisa.

Tulicheka kama wendawazimu. Akaizima, akaiwasha. Akamwita Mueni wa saluni ya jirani aje aone, akaizima, akaiwasha tena. Mueni akasema hata mashine yake ya kukausha nywele haiamki hivyo. Nami nilicheka mpaka machozi, na baadhi yake hayakuwa ya kicheko.

Kesho yake nilienda nikiwa nimekata tamaa. Orodha yangu ingetoka hata kabla ya salamu. Nikamkuta Mwongeli ameketi, vikombe viwili vya chai mezani, skrini nyeusi tititi.

"Imeharibika?" nikauliza.

"Iko sawa." Akanisogezea kikombe. "Lakini siiwashi mpaka umalize hiyo kitu huwa unaanza kusema, Kiama."

Nikaimaliza. Haikuchukua hata muda wa ile SSD. Akacheka, akafunika uso kwa mikono, akasema hata yeye, tena kitambo.

Wateja wakajipanga mlangoni wakilalamika kwamba saiba ya Mwongeli siku hizi iko polepole sana, na chai yetu ilikuwa bado haijaisha.