Kikombe cha Mzee Pang

Ko, ko. Ko, ko, ko.

Kabla hajauona uso wa mgeni hata mmoja, Qiuhe aliisikia meza. Vidole viwili vilivyokunjwa viligonga ubao, vikafuata vingine, na vingine tena, kama matone ya kwanza ya mvua juu ya vigae. Alikuwa bado jikoni, nyuma ya pazia, anasuuza vikombe kwa maji ya moto. Mtoto wa Fuding, wilaya ya chai, huijua sauti ile kabla hajaota meno: umemiminiwa chai, unagonga meza, umeshukuru, na mazungumzo hayakukatika. Kule ukumbini watumishi walikuwa wakimimina chai ya kukaribishia tu. Chai yenyewe ilikuwa bado. Chai yenyewe ilimngoja yeye.

"Gongeni," alisema kwa sauti ndogo. "Gongeni sasa, maana baadaye mtasahau."

Pazia likafunuka, na Mzee Pang Yinfu akaingia na harufu yake ya sigara, tumbo mbele, koti jipya la hariri limembana makwapani.

"Qiuhe, binti yangu! Umependeza. Sasa sikiliza. Maji ya kwanza unamwaga. Ya pili unahesabu tano, unamimina. Ya tatu unahesabu saba. Ukifika mara ya tano, basi, tunakwenda kula. Hakuna kuchemsha."

"Chai ya miaka ishirini isichemshwe, mzee?"

"Wageni wana njaa. Halafu nimekuita umimine, sikukuita uhubiri." Akacheka, akamkaribia. "Unajua kwa nini nimekutaka wewe, na wamiminaji wamejaa mjini? Nataka watu wauone mkono wa ukoo wa Zhuo ukimimina chai ya Pang. Wajue tumeelewana. Yaliyopita si ndwele, au siyo?"

"Si ndwele, mzee," Qiuhe akajibu, akainamisha kichwa ili asiyaone macho yake.

Yaliyopita yalikuwa haya. Miaka saba iliyopita, bibi yake Qiuhe alikuwa na mitungi saba ya chai nyeupe chini ya dari ya nyumba yake, juu kabisa mlimani Taimu. Chai ile haikaangwi wala haisuguliwi. Huchumwa ingali chipukizi, yenye manyoya meupe kama shavu la kifaranga, ikatandazwa juu ya nyungo za mianzi, ikaachiwa jua na upepo. Kinachobaki ni kazi ya miaka. Mwaka mmoja ni chai, miaka mitatu ni dawa, miaka saba ni hazina: ndivyo wasemavyo, na Bibi Zhuo alikuwa na mitungi iliyopita miaka ishirini. Hakuwahi kuuza hata jani. Mtoto akishikwa na surua kijijini, mama yake alipanda ngazi za mawe, na bibi alimchemshia birika. Ilipoza joto la mwili na kulainisha koo, walisema, na vipele vikatoka upesi badala ya kujificha ndani. Mtoto wa Pang mwenyewe alikunywa birika tatu. Akapona.

Pang huyo huyo ndiye aliyekuja na gari. "Bibi, chai hii ni aibu kuificha. Nipe niipeleke kwenye mashindano ya wilaya, jina lako lijulikane." Bibi akampa, kwa kuwa alikuwa jirani, na kwa kuwa yule mtoto alikuwa hai. Mvua ikanyesha, Pang akasema njia imekatika, mitungi ikalala siku tatu katika banda lake kule ghubani. Siku ya mashindano mitungi ikafunguliwa mbele ya watu mia mbili. Kilichomo kilikuwa uozo. Mwamuzi mkuu akaionja, akaitema, akaandika hukumu yake. Bibi akasimama pale katikati na fimbo yake, akasema, "Hii si yangu." Watu wakacheka.

Tangu siku ile hakuna mama aliyepanda ngazi tena. Bibi akakipindua kikombe chake juu ya rafu, mdomo chini, na hakumimina chai tena, si kwa mgeni, si kwa mjukuu. Mwaka uliofuata Pang akaanza kuuza "Chai ya Mtungi wa Pang." Qiuhe alipita dukani kwake akanusa mara moja tu. Kunazi zilizokauka, na nyuma yake ubaridi wa dawa. Angeijua harufu ile ya mitungi ya bibi hata akiwa usingizini.

Nakala ya hukumu alikuwa nayo. Aliisoma mpaka karatasi ikachanika kwenye mikunjo, na kila alipoisoma neno moja lilimchoma. Hakumwambia mtu neno hilo. Alikwenda mjini, akajifunza kumimina, mwaka wa kwanza, wa tatu, wa sita, mpaka sifa zake zikavuka mto. Alijua chai ya bibi itamwishia Pang, na ikimwishia ataghushi, na akighushi ataghushi pale pale alipoghushi mwanzo. Alijua pia majivuno yake. Siku moja atamwita. Bibi alikuwa na miaka themanini na sita, na hofu ya Qiuhe ilikuwa moja tu: kwamba kaburi litatangulia.

Lakini mwito wa Pang ulitangulia kaburi.

Qiuhe akachukua sinia, akatoka.

Wageni walikuwa kumi na wawili. Karibu na mlango aliketi Bwana Teng, mnunuzi wa chai kutoka mji wa Fuzhou, mnene, mwenye kicheko cha kuamsha mtaa. Kwenye kiti cha heshima alikuwa Bi Ouyang, mwembamba, nywele nyeupe zimebanwa nyuma, mikono imetulia mapajani. Pua yake ilikuwa sheria katika wilaya nzima. Yeye ndiye aliyeitema chai ya bibi miaka saba iliyopita.

"Karibuni, karibuni!" Pang alipaza sauti. "Mnamjua Mama Lan wa mlima Taimu? Zamani za zamani surua ilifagia watoto. Mama Lan akaota ndoto, akauona mti wa chai juu ya mwamba, akachuma, akakausha, akawanywesha, wakapona. Basi, mama huyo ni wa ukoo wetu sisi."

"Kila ninakonunua chai nakuta ukoo wake," Bwana Teng akasema. "Mama huyo alikuwa na kazi!"

Kicheko. Pang naye akacheka, kwa kuchelewa kidogo.

Qiuhe akaanza. Maji ya kwanza akamwaga. Ya pili akahesabu tano. Alimimina kwa kiwiko kilichotulia, kila kikombe sehemu saba kati ya kumi, isizidi tone, maana sehemu tatu zinazobaki ndizo heshima ya mgeni. Vidole vikagonga. Ko, ko. Chai ilikuwa ya rangi ya dhahabu, nyepesi, haina kosa kubwa. Pang alikuwa ameichanganya na chipukizi za mwaka huu, na maji ya haraka hayachimbui kitu. Bi Ouyang akanywa, akagonga mara moja.

Ya tatu. Ya nne. Ya tano. Pang akaanza kuinuka, mikono ameipanua. "Haya, ndugu zangu, meza ya chakula—"

"Bi Ouyang," Qiuhe akasema kwa upole, akimgeukia mkubwa wa meza kama mmiminaji anavyopaswa, "majani haya bado yana nguvu. Niyachemshe?"

Swali lile ni la mkubwa wa meza, na akishalijibu, mwenye nyumba hana kauli.

"Aa, mama, nyama ya bata itapoa," Pang akadakia. "Wageni wana njaa!"

"Njaa yangu naijua mwenyewe, Bosi Pang," akasema Bwana Teng, akilipapasa tumbo. "Hili limewahi kusubiri makubwa. Chemsha, dada!"

Bi Ouyang hakumtazama Pang. "Chai ya zamani hujulikana motoni," alisema. "Chemsha."

Jiko dogo la mkaa na birika la udongo vilikuwa pale pale mezani. Pang aliviweka kama pambo. Qiuhe akapuliza mkaa, akatia majani, akaketi, mikono magotini. Pang aliwasha sigara, akaizima, akawasha nyingine. Birika likaanza kunong'ona, likanguruma, na mvuke ukapanda.

Mvuke ulipanda na bahari ndani yake.

Bwana Teng alikuwa wa kwanza kukunja pua. "Hee! Kuna mtu kafungua kapu la samaki?"

Qiuhe akamimina. Iliyotoka ilikuwa nyeusi, nzito, kama mchuzi wa soya uliosahauliwa. Akamsogezea Bi Ouyang kikombe. Mwamuzi akakinusa kwa muda mrefu, macho amefumba. Akanywa tone moja. Uso wake ukabadilika polepole.

"Chai hii nimewahi kuinywa," alisema.

"Bila shaka!" Pang akachangamka. "Mama ana kumbukumbu! Chai yetu—"

"Si kwako." Akafumbua macho. "Mmiminaji, wewe ni wa ukoo gani?"

"Zhuo, mama."

"Wa yule bibi mwenye mitungi saba?"

"Ni bibi yangu."

"Nyumba yake iko mbali kiasi gani na bahari?"

Qiuhe akashusha birika. "Ngazi elfu mbili za mawe, mama, na mlima mzima chini yake. Bahari ameiona mara mbili maishani mwake."

Bi Ouyang akaweka kikombe chini. Aliposema tena, alisema kama anayesoma. "'Chachu. Rangi ya mchuzi wa soya. Harufu ya mwani.' Niliandika kwa mkono wangu huu. Nikaandika mwani, wala sikujiuliza mwani umepandaje mlimani."

"Umepanda kwa gari," akasema Qiuhe. "Gari la Mzee Pang. Mitungi ililala siku tatu ghubani, katika banda ambalo baba yake alianikia mwani, na yeye huloweka humo majani mabichi na kuyafunika magunia yazeeke kwa wiki tatu. Ya bibi yangu akayatoa mitungini, akatia yake."

"Mwani gani?" Pang akafoka, akanyakua kikombe, akanusa, akanusa tena. "Mimi sisikii mwani wowote! Wananisingizia!"

Naye alisema kweli. Alizaliwa katika banda lile na kutambaa juu ya mwani akiwa mtoto. Pua yake haikuwahi kujua kuwa ni harufu.

"Bosi," Bwana Teng akasema taratibu, na safari hii hakucheka, "samaki naye hajui kuwa amelowa."

Qiuhe akaligeuza birika juu ya sahani nyeupe. Chipukizi za mwaka huu zilikuwa zimekunjuka, kijani kibichi, nzima. Katikati yake palikuwa na tope jeusi lisilo na umbo la jani.

Bi Ouyang akaomba kalamu. Aliandika nyuma ya kadi ya mwaliko ya Pang, akasoma kwa sauti kila neno: hukumu aliitoa yeye, alikosea yeye, anaifuta yeye, na chai ya Bibi Zhuo iliibiwa. Akaitia sahihi. "Nitaipandisha mlimani mwenyewe," alimwambia Qiuhe. "Miguu yangu mibovu, lakini nitafika. Atanipokea?"

"Atakupokea, mama. Ila hatakumiminia. Hajammiminia mtu miaka saba."

"Basi nitammiminia mimi."

Hapo Qiuhe angeweza kuondoka. Kile alichokuja kukichukua alikuwa nacho. Lakini miaka saba ni hazina, na yeye hazina yake hakuwa ameimaliza.

Akakisuuza kikombe kimoja. Akakiweka mbele ya Pang kwa mikono miwili, kama wekwavyo vikombe vya wakubwa. Akamimina ile nyeusi. Ikafika sehemu saba, akasimamisha mkono. Pang akashusha pumzi. Mkono ukainama tena. Nane. Tisa. Chai ikafika ukingoni, ikavimba juu ya ukingo, ikasita, halafu ikamwagika, ikatambaa mezani, ikadondokea koti jipya la hariri.

Hakuna asiyejua maana ya kikombe kilichojaa: nyanyuka uende zako. Mzee Pang alikuwa anafukuzwa kwenye meza yake mwenyewe, chini ya paa lake mwenyewe, mbele ya watu kumi na wawili, na hakuna kidole kimoja kilichogonga ubao. Matone tu ndiyo yaliyosikika sakafuni.

"Binti," Pang akanong'ona, midomo mikavu. "Umeshashinda. Nihurumie. Mimi ni mzee, kifua changu kibovu, unajua. Unataka nini tena?"

Qiuhe akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka kando ya kikombe. Kisha akainua sauti, ili hata walioko jikoni wasikie.

"Nakuahidi, Mzee Pang, na hawa wote ni mashahidi. Kifua hicho kitakushika siku moja, na homa nayo, na utazitafuta ngazi zetu. Utazipanda zote elfu mbili. Bibi yangu atakuchemshia chai, maana hajawahi kumnyima mgonjwa. Atakuchemshia yeye. Lakini atakayekumiminia nitakuwa mimi, na kila kikombe, mzee, kila kimoja, nitakijaza."