Jiwe Jeupe Chini ya Ukuta Wangu

Vile dhahabu inazaliwa, mi nilielezewa na Mwalimu Apollinaire, mwezi wa kumi 2013, hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi. Kule Bukavu alifundisha jeografia. Hapa anauza mandazi.

Mkwe wangu Narcisse, bwana ya Sabine binti yangu, alikuwa anatuchimbia choo. Alipofika mita mbili akakuta mstari wa jiwe jeupe, ndani vitu vinang'aa. Narcisse alichimba dhahabu Kamituga miaka sita. Akaacha kushuka, akaanza kufuata ule mstari, nao ulikuwa unaelekea chini ya ukuta wa chumba changu. Ukuta ni matofali mabichi. Mvua ilikuwa imebakiza wiki tatu.

Alishapanda minibasi mpaka mjini, Area 25, kutafuta mizani ndogo ya kupimia dhahabu. Tena akatukataza wanawake kukaribia, kama kule migodini, ati mwanamke akifika kwa shimo dhahabu inakimbia. Nyumba yetu iko na wanawake wanne. Tukawa tunaomba choo kwa jirani, Xaverine.

"Choo yenu haijaisha tu?"

"Ilishakuwa mgodi."

"Haya. Pita."

Kwetu mama hagombezi mkwe wake. Hata kumuangalia machoni ni kazi. Basi nikamtuma Mwalimu amwambie choo haizai dhahabu. Mwalimu akakaa kwa ukingo wa shimo, mi nikabaki mlangoni.

"Sikia, Narcisse. Dunia iko na mapande makubwa. Yanasukumana, sawa watu kwa mstari wa chakula. Pale yanaposukumana, mawe yanapasuka. Chini sana kuna maji ya moto, imebeba dhahabu ndani, sawa chumvi katika mchuzi. Ardhi ikitikisika, ufa unafunguka mara moja, maji inapoteza nguvu, inaangusha mzigo. Jiwe jeupe na dhahabu vinabaki pale. Ufa unajifunga. Kisha ardhi inatikisika tena. Vile vile, mara maelfu."

"Inachukua miaka ngapi?" Narcisse aliuliza kutoka chini.

"Maelfu na maelfu."

"Mi niko na wiki mbili tu kabla ya mvua, na jiwe nimeshaona."

Nikauliza toka mlangoni: "Na lile tetemeko la 2008, lililopasua nyumba yangu Bukavu, liliacha dhahabu?"

"Labda kidogo, Koko," Mwalimu akajibu; njo vile wananiita, bibi. "Chini sana."

Basi lile tetemeko lilimfaa mtu, nikawaza.

"Lakini maji ingine inapita bila kubeba kitu," Mwalimu akaongeza. Hiyo Narcisse hakuisikia. Alisikia jiwe jeupe na dhahabu. Kesho yake alichimba na nguvu kuliko jana, na mi nikasikia nyundo chini ya kitanda changu.

Kamituga wanaume wanachimba, wanawake wanatwanga. Mi nilitwanga mawe kule miaka kumi na moja. Nikamwambia Sabine:

"Muulize bwana yako, hayo mawe atatwanga nani?"

Sabine akamuuliza. Narcisse akaleta kikapu kimoja cha mawe.

Nilitwanga asubuhi yote, nikachunga, nikaosha ndani ya beseni, polepole. Vile vya kung'aa vikapanda juu, vikaondoka pamoja na maji. Dhahabu ni nzito, haiogelei. Narcisse alisimama nyuma yangu.

"Ingine, Maman."

"Leta."

Vikapu vitatu. Chini ya beseni ulibaki mchanga mweusi kiasi cha kijiko. Aliugeuza na kidole, akaunusa.

"Ni mchanga," akasema.

"Njo hiyo, mchanga tu."

Jioni ile alirudisha udongo ndani ya ile njia ya pembeni, akaushindilia na gogo mpaka mikono ikatoka malengelenge. Halafu akachimba choo kushuka chini moja kwa moja. Jumamosi choo ilikuwa na mlango, na Sabine njo aliingia wa kwanza.

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumapili, tukitoka kanisani. Niliweka mkono kwa ukuta, ndani, muda mrefu. Narcisse aliniona kupitia dirisha.

"Hauanguki, Maman."

Nikabakiza mkono palepale. Mvua ilipopungua akatandika mkeka inje, chini ya bati, akaegemeza mgongo kwa ukuta ule ule, akalala.