Nani Aliyemtaja Pacheco

Mimi simwamini mtu anayenyamaza. Nimegawa barua katika mitaa ya Toledo kwa miaka thelathini na mmoja, na nilichojifunza ni kwamba mtu akipokea bahasha bila kusema neno, ndani mna jambo. Kwa hiyo msimu wa besiboli unapofungwa na timu zikaanza kubadilishana wachezaji kimyakimya, hapo ndipo mimi naamka. Wenzangu wanaona baridi, mimi naona njama.

Timu yetu inaitwa Vioo. Binti yangu Renata anafanya kazi ofisini kwao, kitengo cha mikataba na mishahara, huu ni mwaka wa sita. Anajua nani anaongezewa mkataba na nani anafungashiwa virago. Watu wananiambia nina bahati, lakini bahati gani, wakati mtoto mwenyewe hasemi? Hajawahi kunitajia jina hata moja, na hilo naweza kuliapia mbele ya padri.

Jumapili moja ya Desemba alikuja kula kwangu kama kawaida yake. Nilikuwa nimepika kabichi za kufungia nyama, namna mama yake alivyokuwa akizipika, na nyumba nzima ilinukia. Renata hakuvua hata koti.

"Baba, kabla hatujala nina neno."

"Sema."

"Ofisini habari zinavuja. Mwaka jana makubaliano matatu yalisikika redioni kabla hatujasaini. Moja likatuvunjikia mikononi. Unamkumbuka yule mrushaji wa mkono wa kushoto?"

Ningemsahau vipi? Tulimkosa dakika ya mwisho, akaenda kwa wengine, akashinda mechi kumi na saba. Kiangazi kizima sikuwa na hamu ya kula.

"Sasa Haldane anamtafuta aliyevujisha." Haldane ndiye bosi wake, ndiye anayeamua nani anaingia kikosini na nani anatoka. "Tumebaki watu watatu kwenye orodha yake, na mimi nimo. Na ile nafasi ya msaidizi wake iko wazi, Baba. Yule anayekaa mezani na timu nyingine kupatana. Haldane alikuwa amenilenga mimi. Nisipojisafisha kabla ya Krismasi, nafasi siipati, na kazi yenyewe ndiyo basi."

"Na mimi naingia wapi hapo?"

"Sijasema unaingia. Nauliza tu. Kuna mtu umewahi kumwambia kitu?"

"Kitu gani, na wewe huniambii kitu?"

Alinitazama kidogo, kisha akavua koti. Niliudhika, nasema kweli. Kuulizwa swali kama hilo na mtoto wako, nyumbani kwako, chakula kikiwa mezani! Nikajiambia nitamtafuta huyo mvujishaji mimi mwenyewe.

Tulipoanza kula tukarudia ugomvi wetu wa kila mwaka. Bajeti ya mishahara ya Vioo ilikuwa imefika milioni mia na arobaini, na mwenye timu hataki kuongeza hata dola ya maegesho. Ukitaka kumleta mtu, lazima umtoe mtu.

"Lindqvist aende," nikasema. "Milioni kumi na mbili kwa mtu anayezungusha gongo kama anafukuza nzi."

"Akienda, beisi ya kwanza atashika nani? Wewe?"

"Nimeshika vibaya kuliko yeye? Haya, Delacroix. Magoti yake yamekwisha."

"Mshahara wake mdogo. Ukimtoa Delacroix unapata nini, mfuko wa mipira? Baba, wewe ungekuwa na timu ungefilisika kabla ya Pasaka."

"Na Pacheco?"

Pacheco ni mdakaji wetu, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kuiongoza mechi nzima kwa vidole. Yuko nasi mwaka wa tisa. Mtaani kwangu ukihesabu jezi, nusu zina jina lake. Anakula milioni kumi na nane kwa mwaka, na ana umri wa miaka thelathini na mitatu.

Renata aligusa unyusi wake wa kushoto. Akanisogezea bakuli.

"Ongeza mchuzi, Baba. Kabichi imekauka."

Kabichi haikuwa imekauka. Nikaongeza mchuzi bila kubisha, kwa sababu hiyo ndiyo siri yangu, na leo naitoa. Renata akiwa na miaka minne alivunja chombo cha maua cha mama yake, na nilipomuuliza aligusa unyusi na kuniuliza kama nataka maji. Hajabadilika. Mchezaji anayebaki, atanibishia mpaka povu limtoke. Mchezaji anayeondoka au anayeingia, nikimtaja tu anagusa unyusi na kuleta habari za chakula. Kwa njia hiyo nimejua mengi, na sikuona kosa, maana hajaniambia. Nilikuwa nachambua tu.

Na nilichokuwa nikichambua, nilikuwa nikikipeleka kinyozini.

Kila Jumanne asubuhi, baridi nzima, tunakutana watatu kwa Dutch, kinyozi wetu. Kikao chetu tunakiita Jiko, ingawa jiko lenyewe halipo, kuna hita ya umeme inayonuka nywele zilizoungua. Tunapanga kikosi, tunauza watu, tunamtukana mwenye timu. Watatu hao ni Dutch, mimi, na Clarence Oyler, aliyekuwa fundi wa mabasi ya mji. Sasa nani kati yao angekwenda kuyasema redioni? Dutch hana muda, anaongea na vichwa kutwa. Lakini Clarence nilikuwa nimeanza kumtilia shaka. Ana redio garini, redio jikoni, redio bafuni. Na kila nikiingia swali lake la kwanza ni, "Binti hajambo?" Tangu lini Clarence akajali mtu hajambo?

Nikaamua kumtegea. Kila mmoja nitampa jina tofauti la mchezaji, nione lipi litasikika redioni. Dutch nilimpa Lindqvist, akiwa ananichonga shingoni. Clarence nilimsubiri nje, nikaegemea gari lake.

"Clarence, hili lisitoke hapa. Pacheco anaondoka."

"We Stan, acha hizo."

"Mimi sikukwambia."

"Pacheco? Wanipe nini cha kunifariji mimi? Nina jezi tatu za huyo mtu, nifutie nazo gari?" Alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Binti ndiye kasema?"

"Binti hasemi. Nimejua tu."

"Haya bwana. Mimi kaburi."

Utaniuliza kwa nini sikumpa jina la uongo. Nilijiambia Clarence ni mjanja, chambo bila nyama ataking'amua. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza. Ukweli ni kwamba jina la Pacheco lilikuwa likiniwasha mdomoni tangu Jumapili, na nilikuwa nimepata kisingizio kizuri cha kulitema.

Jumatano saa nne asubuhi nikakaa na redio. Mtangazaji alikuwa anapokea simu za mashabiki, mmoja analilia warushaji, mwingine anataka mwenye timu afungwe. Kisha akaingia mtu aliyejiita Fundi wa Kusini. "Mimi nasema tu," akaanza, na Clarence hawezi kuagiza hata kahawa bila kusema hivyo. "Mimi nasema tu, chunguzeni habari za Pacheco. Anaondoka. Nina mtu wa ndani."

Niliruka kutoka kitini, na kwa goti langu hilo si jambo dogo. Nikampigia Renata hapo hapo.

"Nimempata mvujishaji wako! Ni Clarence Oyler. Nimemtega, kaingia mzimamzima. Kamwambie Haldane."

"Umemtega vipi?"

"Dutch nimempa Lindqvist, Clarence nimempa Pacheco. Na redioni kimetoka nini? Pacheco."

Nilisikia mlango unafungwa, kisha sauti yake ikarudi, ndogo na karibu.

"Baba. Clarence alilipata wapi jina la Pacheco?"

"Si nimekwambia, kwangu."

"Na wewe?"

Aliniacha nimalize hesabu mwenyewe. Yule mrushaji wa kushoto mwaka jana: Renata aliniuliza kama viazi vina chumvi, na Jumanne yake nikamwaga yote kwa Dutch. Na wale wawili wengine ni hivyo hivyo. Mvujishaji alikuwa akila kabichi kwenye meza yangu, kitini pangu, akijiona mpelelezi.

"Kesho saa tatu naitwa kwa Haldane," Renata alisema, na simu ikakatika.

Sikujua kama nimepata usingizi au la. Saa mbili na nusu nilikuwa mlangoni pa ofisi za Vioo, nimevaa suti ya mazishi, na mlinzi alidhani nimekuja kuomba tiketi za bure. Nikamwambia mimi ni baba wa Renata Wroblewski na siondoki. Mwishowe wakaniingiza. Haldane alikuwa mtu mwembamba, mwenye miwani, anayenywa maji ya moto yasiyo na kitu. Renata alikaa kando ya dirisha. Aliponiona uso wake haukubadilika hata kidogo.

"Bwana Haldane," nikasema, "binti yangu hajawahi kuniambia kitu. Mimi ndiye mwenye mdomo. Mniadhibu mimi."

"Kama hajakwambia, umejuaje?"

Nikamweleza. Nilikuwa na nia njema, Mungu shahidi. Nikamweleza unyusi, nikamweleza bakuli, viazi, chombo cha maua. Haldane akachukua kalamu na kuandika. Aliniuliza unyusi gani, nikamwambia wa kushoto. Aliniuliza kama hufanya hivyo kila mara, nikasema kila mara, tangu ana miaka minne, hajawahi kukosea. Nilikuwa najivunia, hebu fikiria.

Haldane akaweka kalamu chini. "Nafasi anayoitaka binti yako ni ya kukaa na watu ambao kazi yao ni kusoma nyuso. Umeona ulichonieleza sasa hivi?"

Nikaona. Nilikuwa nimetoka nyumbani kuja kumwokoa, na nimemzamisha kwa mikono yangu miwili. Nilitaka kusema natia chumvi, nazeeka, sijui nisemalo. Nilimtazama Renata kumwomba radhi, lakini yeye alikuwa anamtazama bosi wake.

"Fungua bahasha," akasema.

Haldane akavuta droo na kutoa bahasha iliyofungwa kwa gundi na kusainiwa juu ya mfuniko, tarehe ya Ijumaa. Ijumaa, siku mbili kabla ya chakula chetu. Akaichana, akanipa karatasi. Ilikuwa na mstari mmoja kwa mwandiko wa Renata: *Jumapili nitampa baba yangu jina la Pacheco. Likisikika nje, njia ni hiyo, na nimeifunga.*

"Pacheco haendi popote," Haldane akasema. "Leo mchana tunatangaza mkataba wake mpya, miaka mitatu."

Nilisoma ule mstari mara mbili. Halafu nikamgeukia mwanangu. "Ule unyusi?"

"Niligundua mwaka jana kwamba unautazama, Baba. Baada ya yule mrushaji. Nikawa najiangalia kwenye kioo mpaka nikaweza kuugusa au kuuacha nitakavyo." Alikuwa anasema taratibu, bila hasira, na hasira ningeiweza. "Nilikuwa naomba usimwambie mtu. Jumapili nilikuuliza mapema, nikakupa nafasi. Nilitaka Jumatano ipite kimya."

"Miss Wroblewski," Haldane akasema, "mtu anayeweza kumpiga chenga baba yake mezani, mimi nihofu nini akikaa na mawakala wa wachezaji? Jumatatu uanze."

Tulishuka naye kwenye lifti. Nilijisikia fahari, na niliona aibu, na sikujua kipi kiko juu ya kipi. Mwanangu amepata alichokitaka, na amekipata kwa kunionyesha mbele ya mtu mgeni mimi ni baba wa namna gani. Clarence nilikwisha kumsamehe kabla hatujafika chini. Nilimsifu Renata, nikamwambia mama yake angefurahi, naye akanishukuru kwa adabu.

Maegeshoni theluji ilikuwa imeanza kuanguka. Nilimshika mkono kabla hajafungua gari.

"Umenisamehe?"

"Nimekusamehe, Baba."

"Na Jumapili utakuja?"

"Nitakuja."

Alinibusu shavuni, akaondoka. Alikuja Jumapili ile kweli, na zilizofuata zote, anakula vizuri, ananibishia kuhusu Lindqvist mpaka chakula kinapoa. Kinyozini sisemi kitu tena. Lakini kila akiwa mbele yangu narudi kwenye swali lile la maegeshoni, natafuta usoni mwake kama alinijibu kweli. Simwoni. Anacheka, ananimiminia chai, na mimi niliyekuwa namsoma tangu utotoni sina pa kuanzia.